JUU YA NINI KARO ZA DUSHI YETU ZILIANGUKA?



Wengi wenu mliona jinsi dushi ya wavulana ilivyofungwa kwa mbao na misumari mwaka wa shule uliopita, na karo zake nyeupe zikalundikwa nje chini ya mwembe. Kila mtu alikuwa na maneno yake. Wengine walisema karo zilikuwa za uwongo. Wengine walisema simenti ilikuwa imelala sana dukani. Na mimi, nikiwa kapita wa nyumba ya kulala, nilisema ni watoto wa chumba cha tatu wanaomwaga maji ovyo. Nikawapa azabu: kila mmoja alibeba ndoo kumi za mchanga kutoka mtoni, siku tatu mfululizo.

Leo ninaandika kueleza ukweli wa jambo hili. Mchanga ule waliubeba bure. Kosa halikuwa lao, lilikuwa letu sisi wakubwa tuliojenga.

Ninaandika pia sababu siku hizi watu wengi hapa Baraka, na kule juu Fizi vilevile, wanapenda kuwa na dushi ya karo ndani ya nyumba. Mwanafunzi akirudi nyumbani kwa mapumziko, baba anamwambia: « Wewe umesoma, tutengenezee. » Kijana anaona aibu kusema hajui. Anachukua mwiko na karai, anaanza. Sisi pia tulianza hivyo.

1. TULIFANYA NINI

Dushi yetu ilikuwa chumba kidogo kilichoshikamana na depo ya chakula. Ukuta katikati yao ulikuwa mmoja, wa matofali mabichi, umepakwa simenti nyembamba. Tulichanganya simenti na mchanga kwa macho tu, bila kupima. Ili tusimalize simenti haraka, kila karo tuliwekea mabonge matano mgongoni: manne kwenye pembe na moja katikati, kisha tukaibandika ukutani. Karo tuliziweka zikigusana kabisa, ili zipendeze. Chini tulisawazisha kama meza. Siku iliyofuata tukaoga.

Wiki mbili za kwanza tulisifiwa sana, hata picha tulipigwa. Wiki ya tano ukuta wa upande wa depo ulianza kutoka jasho. Mama wa jikoni alipovuta mifuko ya maharagwe iliyoegemea ukuta ule, chini ilikuwa nyeusi kwa ukungu. Mifuko miwili ilitupwa. Wale wanaokumbuka ile wiki tuliyokula sombe na bugali bila maharagwe, sasa wanajua sababu. Baadaye ilianguka karo moja, halafu nane. Asubuhi moja, kabla kengele haijalia, sehemu ya chini ya ukuta ililala chini kama mtu aliyechoka. Namshukuru Mungu hakukuwa mtu ndani.

2. MAJI YALIPITA WAPI?

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Tunafikiri karo inazuia maji. Ni kweli uso wa karo unaong'aa haupitishi maji. Lakini ukuta wa karo si karo tu. Katikati ya karo na karo kuna kiungo, na kiungo hicho ni cha simenti. Kwa macho simenti ni kama jiwe, lakini ndani yake mna vijia vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona, na maji yanapanda ndani yake.

Angalieni utambi wa taa: mafuta yako chini, moto uko juu, na mafuta yanapanda yenyewe bila kusukumwa na mtu. Chovya pembe ya kipande cha sukari ndani ya chai, utaona chai inapanda mpaka juu. Katika somo la fizika tulijifunza nguvu hiyo, lakini tuliiandika katika daftari tukaisahau humo humo. Jaribu mwenyewe: simamisha tofali la kuchoma ndani ya beseni lenye maji ya vidole viwili. Baada ya muda utaona weusi wa maji unapanda juu ya mstari wa maji. Ukifanya hivyo na tofali bichi, kesho utakuta matope.

Vile vijia vinatoka wapi? Mara nyingi tunavitengeneza sisi wenyewe, kwa kutia maji mengi. Simenti inahitaji maji kama robo ya uzito wake tu ili ishikamane, na kidogo zaidi ili ichanganyike vizuri. Maji yanayozidi yanatoka baadaye kwa kukauka, na mahali yalipokuwa panabaki tupu. Fundi anayependa udongo mwepesi kama uji anajenga ukuta wenye matundu.

Kosa letu la pili lilikuwa yale mabonge matano. Katikati ya bonge na bonge palibaki nafasi tupu. Maji yalipoingia kwenye kiungo yalikaa ndani ya nafasi hizo kama ndani ya vibuyu vidogo, na kila mtu aliyeoga aliongeza yake. Ukuta ukawa unakunywa usiku na mchana.

Na hapa kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Kabla ya karo, ukuta ule ulikaa miaka mingi bila kuanguka. Ulilowa asubuhi watu walipooga, ukakauka mchana kwa upepo. Sisi tulipobandika karo tuliufunga upande wa mbele, usiweze kupumua tena. Maji yaliingia, lakini njia ya kutoka ilibaki moja tu: kupitia depo ya chakula. Kumbe karo zetu hazikuuponya ukuta, ziliuua.

Kwa hiyo shikeni neno hili moja: karo ni nguo ya ukuta. Kinachozuia maji ni kile kilicho nyuma ya karo. Kama nyuma hapafai, karo itaficha ugonjwa tu.

3. WATU WA ZAMANI WALIZUIA MAJI BILA KARO

Msifikiri kwamba bila karo hakuna usafi. Kule pwani ya Tanzania, kisiwani Kilwa, kuna magofu ya jumba la Husuni Kubwa lililojengwa katika karne ya 14. Ndani yake mna birika la kuogea lenye pembe nane. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Warumi wa zamani walisaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakavichanganya na chokaa, wakapaka matangi ya maji na vyumba vya kuogea.

Simenti tunayotumia leo ni ya juzi tu: mwaka 1824 Joseph Aspdin, fundi wa kujenga wa Leeds, Uingereza, alipewa hati ya kuitengeneza akaiita simenti ya Portland. Watu waliokuja kabla yake walipata kuhifadhi maji kwa sababu walijali kilicho ndani ya ukuta, na walikuwa na subira.

4. KAZI INAVYOTAKIWA KUFANYWA

Baada ya aibu ile nilimfuata papa mmoja fundi wa hapa Baraka, mzee wa kazi, nikamwomba anifundishe. Niliyojifunza kwake, na niliyojaribu mwenyewe, ni haya.

Ukuta. Usiweke dushi juu ya ukuta wa matofali mabichi. Jenga ukuta mpya wa matofali ya kuchoma au wa bloki, juu ya msingi wa mawe. Kama uwezo haupo, afadhali dushi ikae mbali na nyumba. Na usishirikishe ukuta wa dushi na chumba cha chakula au cha kulala.

Mchanga. Mchanga wa ziwa mara nyingi ni laini sana na una vipande vya makombe. Mchanga wa mto, kama ule wa Mutambala, una chembe kubwa na unashika vizuri, lakini wakati wa mvua unachanganyika na udongo. Upime hivi: jaza chupa nusu kwa mchanga, tia maji, tikisa sana, halafu iache saa moja. Mchanga utalala chini na matope yatakaa juu yake. Matope yakizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe kwanza au tafuta mwingine.

Simenti. Nyingi inavuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma, na njiani inaweza kupata unyevu. Tia mkono ndani ya mfuko. Ukikuta mabonge ambayo hayavunjiki kwa vidole, simenti hiyo imekwisha kulewa maji, usiitumie kwa dushi.

Mchanganyiko. Karai moja ya simenti kwa karai tatu za mchanga. Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja. Kwa mfuko wa kilo 50 maji yasizidi litri 25, na kama mchanga umelowa, punguza. Ukifinya mkononi, bonge libaki bonge, lisichuruzike.

Chini. Sakafu ya dushi isiwe meza. Iteremke kuelekea tundu la maji, santimetri mbili kwa kila mita. Kama huna kipimo cha fundi, tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga: ujaze maji, ushike ncha mbili juu, na maji ya pande zote mbili yatasimama usawa mmoja. Hapo unaweza kupima tofauti kwa rula yako ya shule.

Kona. Hapa ndipo maji yanapenda kuiba njia, mahali ukuta na sakafu vinapokutana. Simenti ya sakafu ipande ukutani santimetri 15 siku ile ile, bila kukatishwa, na kona iviringishwe kwa kupitisha chupa, isibaki kali. Ukimaliza sakafu leo na ukuta kesho, umeacha mlango.

Plasta. Ipakwe mara mbili. Ya kwanza ya santimetri moja, ikwaruzwe kwa msumari ingali mbichi. Kesho yake ya pili, nyembamba, na juu yake simenti tupu iliyokorogwa na maji, isuguliwe kwa mwiko mpaka ing'ae. Ipande mpaka juu ya kichwa cha mtu. Madukani kuna pia rangi maalum za kuzuia maji, zinazopakwa kabla ya karo. Mwenye uwezo anunue, na afuate maandishi yaliyo kwenye kopo.

Siku saba. Hapa wengi tunashindwa. Simenti haikauki kama nguo kwenye kamba, inakomaa polepole kama ndizi, na chakula chake ni maji. Funika kwa magunia, mwagia asubuhi, mchana na jioni siku saba. Jua la Baraka likiipiga siku ya kwanza, itapasuka nyufa ndogo kama unywele, na nyufa hizo njo mlango wa hasara.

5. JARIBIO LA MASAA 24

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mmoja alikumbuke, hata akisahau mengine. Kabla ya kuweka karo hata moja, jaribu sakafu yako.

Ziba tundu la maji kwa kitambaa na plastiki. Jaza maji ya kina cha santimetri tano. Yaache siku moja ili simenti inywe inachotaka, kisha ongeza mpaka santimetri tano tena. Weka alama ya msumari au penseli ukutani. Ndani ya chumba hicho hicho weka beseni pana lenye maji ya kina kile kile, na alama yake. Ngoja masaa 24.

Kwa nini beseni? Sababu maji yanapungua pia kwa kupanda hewani. Beseni haivuji, kwa hiyo upungufu wake ni wa hewa tu. Ikiwa maji ya sakafu yamepungua sawa na ya beseni, sakafu yako ni nzima. Yakipungua zaidi, kuna mahali yanapita. Tafuta mahali hapo, rudia, ujaribu tena. Beseni ni shahidi. Sisi hatukumwita shahidi huyu, tukahukumu watoto.

6. KAMA PESA IKO, KARO

Karo zinazokunywa maji kwa mgongo zilowekwe kwanza, na ukuta unyunyiziwe. Paka udongo wa simenti mgongo mzima wa karo, kisha ukandamize huku ukiitikisa kidogo. Ing'oe moja kwa kupima: mgongo wake ukiwa umeshika kila mahali, endelea. Acha nafasi ya kijiti cha kibiriti katikati ya karo na karo, upate kujaza vizuri baada ya siku moja au mbili. Karo zikigusana, simenti ya kiungo haina mahali pa kuingia, inabaki juu juu tu kama poda usoni.

Tufanye hesabu ya dushi ndogo, mita 1,20 kwa mita 1,20, kuta tatu za mita 1,80. Chini ni kama mita mraba moja na nusu, kuta ni sita na nusu, jumla nane. Karo za santimetri 20 kwa 20 zinaingia 25 katika mita mraba moja, maana yake 200, na 20 za kuvunjika. Lakini kwa sakafu ya santimetri tano na plasta nzuri ya santimetri moja na nusu, simenti ni mfuko mmoja na nusu, tuseme miwili. Kwa hiyo mtu mwenye pesa kidogo asinunue karo 220 akakosa mfuko wa pili wa simenti. Plasta nzuri bila karo inashinda karo nzuri bila plasta.

7. MAJI MACHAFU YAENDE WAPI?

Dushi haijaisha mpaka maji yake yafike mahali. Yakisimama nyuma ya nyumba yanazaa mbu. Chimba shimo, lijaze mawe, na liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi. Hapa Baraka karibu na ziwa, ukichimba kidogo unakuta maji ya chini. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda mpaka likaingia nyumba nyingi za kandokando. Pahali kama hapo usichimbe shimo refu, tengeneza mfereji mpana usio na kina, uelekeze kwenye migomba. Kipindupindu kimekuwa kikirudi mwambao huu tangu miaka ya 1970, na njia yake ni maji yaliyochanganyika na uchafu wa choo. Kwa hiyo maji ya dushi na ya choo yasikutane kamwe na maji ya kunywa.

8. DALILI ZA UKUTA MGONJWA

Kwa wale ambao nyumbani tayari wana dushi ya karo: gonga kila karo kwa sarafu au ufunguo. Ikilia nzito, ni nzima. Ikilia kama ngoma, nyuma ni tupu. Angalia upande wa pili wa ukuta: unga mweupe, rangi inayobambuka, au harufu ya ukungu, ni maji. Usipake simenti juu ya nyufa ukasema umemaliza. Acha kuoga humo, ng'oa, kausha, na uanze nyuma.

Somo hili si jipya. Someni Walawi sura ya 14, kuanzia mstari wa 33. Nyumba ikionekana na doa ukutani, kuhani anatazama kwanza, anaifunga siku saba, anarudi kutazama tena. Doa likienea, mawe yanatolewa, udongo unakwanguliwa, yanawekwa mawe mengine na udongo mpya. Niliposoma hapo niliona haya. Kuhani hakuanza kwa kutafuta mtoto wa kumpa azabu. Alianza kwa kuangalia ukuta.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa chumba cha tatu, mnisamehe. Niliwahukumu bila kupima, na niliwaambia maneno mabaya mbele ya wengine. Ndiyo maana msamaha huu nauomba mbele ya wote, si pembeni.

Masomo yetu yamekubali kwamba dushi mpya ijengwe wakati wa kiangazi, kwa matofali ya kuchoma, mbali na depo. Mimi nitakuwa nimekwisha kufanya Egzeta na kuondoka. Ninaomba neno moja tu kwa wale watakaobaki: siku ya kujaza maji na kuweka beseni, anayeshika penseli ya kuweka alama awe mmoja wa watoto wa chumba cha tatu. Na akisema maji yamepungua, mumsadiki.

Mungu awabariki.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho